Marufuku ya Meza ya Ijumaa

Mchezo wenyewe ulihitaji vitu vitatu: meza, dadu, na watu wanaoweza kuvumiliana kwa saa nne. Moroni ya mwaka 1998 ilikuwa na meza za kutosha.

Kitabu cha mchezo nilirudi nacho kutoka Montpellier, Ufaransa, nilikosomea falsafa, pamoja na dadu saba za plastiki. Moja ilikuwa na nyuso ishirini, na afisa wa forodha aliigeuza mkononi kwa muda mrefu akitafuta mahali inapofungukia. Kanuni zake ni rahisi kueleza. Kila mchezaji hubuni mtu mmoja na kusema kwa kinywa cha mtu huyo. Msimamizi hubuni dunia iliyobaki. Na jambo lolote lenye shaka huamuliwa na dadu. Kitabu kilijaa ngome za mawe na theluji. Theluji niliiondoa. Ngome niliziacha, nikawakabidhi masultani wa visiwa vyetu, ambao historia inashuhudia kwamba hawakuhitaji mwalimu wa kuwafundisha kusalitiana.

Tulicheza nyumbani kwangu, mtaa wa Magoudjou, kila Ijumaa baada ya sala ya mchana. Nyumba ni yangu. Kwetu Ngazidja, kisiwa cha Moroni, nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huingia kwa ndoa na hutoka kwa talaka au kwa jeneza. Mume wangu alikuwa ametoka kwa njia ya kwanza, na sebule ikabaki na nafasi.

Tulikuwa watano. Mimi, Loutfia, mwalimu wa sekondari, ndiye niliyesimamia. Wenzangu waliniita Fundi, kama wanafunzi wa kwetu wanavyomwita mwalimu. Chamsia, muuguzi na rafiki yangu tangu utotoni, alicheza mwizi. Alisema anahitaji siku moja katika wiki ya kutomhurumia mtu. Saïndou, mtengeneza redio, alicheza mfanyabiashara wa mbao. Alizaliwa Mahajanga, Bukini, yaani Madagaska, akaletwa Moroni mwaka 1977 akiwa na miaka saba, baada ya Wakomoro wa mji ule kuchinjwa mitaani. Hadi leo watu wa namna yake tunawaita kwa jina la shirika la ndege lililowabeba, kana kwamba walizaliwa angani. Mounir, mwalimu wa hisabati, alitoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na alikuwa amepanga chumba nyuma ya msikiti, hatua mia mbili kutoka kwangu. Yeye alicheza tabibu. Wa tano alikuwa Charif wa kijiji cha Vouvouni, karani wa bandari, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina ya abiria wa boti. Alicheza kapteni wa walinzi.

Charif ndiye aliyekuwa mchezaji mgumu. Alikijua kitabu kuliko mimi niliyekileta. Nikitamka uamuzi wowote, aliinua kidole: "Fundi, ukurasa wa arobaini na moja." Akirusha dadu, alizifunika kwa kiganja kabla hatujaziona, kisha akatangaza namba ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha wala kuikana. Mwenzake akisema, alimalizia sentensi yake. Kitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu watu wa namna hiyo. Kilishauri msimamizi amwite mtu huyo faragha, kabla ya mkutano unaofuata, amuulize bila hasira ni nini anachokitafuta mezani. Sura hiyo niliisoma mara mbili, nikaamua kwamba ni ushauri wa watu wanaoweza kuhama mtaa.

Ningemuuliza, pengine angejibu. Mwaka 1997, mwezi wa nane, Nzwani ilikuwa imetangaza kujitenga na Komoro. Mwezi uliofuata jeshi lilipelekwa kwa boti kutoka Moroni kuirudisha kwa nguvu, na likashindwa. Mdogo wake Charif alikuwa miongoni mwa askari wale. Hakurudi. Sote tulilijua jambo hilo, na kwa kuwa sote tulilijua, hakuna aliyelitaja.

Ilikuwa Machi 1999 mchezo ulipofika kwenye lango. Wahusika wetu walikuwa wakikimbia jeshi la sultani adui. Tabibu alikuwa amebaki nyuma kumfunga jeraha mpagazi mmoja, mtu niliyembuni dakika hiyohiyo na ambaye sikumpa hata jina. Ufunguo wa lango alikuwa nao kapteni.

"Tabibu anakimbia kuelekea langoni," alisema Mounir, akarusha dadu. "Kumi na saba. Nimefika."

"Umefika nje," alisema Charif.

"Fungua basi."

"Kapteni anafikiri."

"Kapteni?" Chamsia aliuliza. "Tangu lini?"

Tulicheka. Charif hakucheka. "Nyinyi Wanzwani mna maajabu," alimwambia Mounir. "Asubuhi mnajitenga, jioni mnagonga mlango."

"Na nyinyi hata kwenye mchezo hamjui kumwacha mtu," Mounir alijibu, tabasamu likiwa bado usoni. "Mtatufuata tena kwa boti?"

Sidhani alikusudia. Alikuwa mtu wa hesabu. Aliona jibu linalolingana na swali, akalitoa. Saïndou aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza bilauri yake ya chai.

"Lango limefungwa," alisema Charif.

"Charif," nikasema, "mchezo huu una watu watano."

"Kapteni wangu ndivyo alivyo, Fundi. Ukurasa wa kumi na mbili. Mwenye kauli juu ya mhusika ni mchezaji wake."

Ukurasa wa kumi na mbili ulisema hivyo. Kabla sijapata la kujibu, alinyoosha mkono akaichukua karatasi ya Mounir, ile ambayo tabibu wake alikuwa ameandikwa juu yake kwa miezi minane, nyuma ya mtihani wa hisabati ambao haukufanyika kwa sababu ya mgomo wetu. Akaichana vipande vinne. Akavipanga kando ya bilauri kama miiba ya samaki.

"Tabibu amekufa. Tuendelee."

Nilimwambia atoke. Alitoka akitafuna kipande cha mkate.

Sasa inanipasa kueleza nilichokifanya, kwa sababu ni kosa ambalo lisingemjia mtu wa Montpellier. Kwetu Ngazidja, mtu akiukosea mji, mji humtenga. Hasalimiwi. Akisalimu haitikiwi. Halishwi harusini, na akifiwa watu hawaendi kwake. Ujumbe wake haubebwi. Hali hiyo hudumu mpaka alete faini aliyopangiwa, na akishaileta hurudi kuwa mtu. Ni sheria ya wanaume. Hukatwa bangweni, kwenye uwanja wao wa mikutano, rika kwa rika. Sisi wanawake tunaijua kama tunavyojua mvua ya kijiji cha pili. Nilijua inafanya kazi. Sikujua inavyofanya kazi.

"Tumtenge," niliwaambia wale watatu. "Mpaka alete sinia la wali na maziwa ya mgando juu ya meza hii, mbele ya Mounir."

Chamsia alipiga makofi. Saïndou akasema, "Fundi, mimi nisingeanza hivyo."

"Kwa nini?"

"Mahajanga walianza kwa kutosalimiana."

"We Saïndou nawe!" alisema Chamsia. "Sinia la wali tu hili."

Saïndou aliinua mkono kama sisi. Mounir aliinua wa mwisho. "Kama Fundi amesema," alisema. Alikuwa akivikusanya vipande vya karatasi na kuviweka katika mfuko wa shati.

Nililiandika tamko hilo kwa Kifaransa kizuri, nikampa Charif mlangoni Ijumaa iliyofuata. Alilisoma amesimama.

"Mmekuwa bangwe sasa?" alisema. "Wanawake wawili, Mbukini mmoja na Mnzwani?" Alicheka. "Sinia la wali, kwa ajili ya karatasi! Chamsia, na wewe umo? Saïndou?"

Hakuna aliyejibu. Akamtazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu anayepapasa mfuko na kukuta ufunguo haumo. Nakiri kwamba ilinipendeza.

Marufuku tuliishika kwa uaminifu ambao hatukuwahi kuuonyesha katika jambo lingine lolote. Chamsia alikutana naye sokoni akampita. Mounir, aliyekuwa na sababu kubwa zaidi na chuki ndogo zaidi, ndiye aliyeishika kuliko wote. Alisema kwamba Fundi amesimama upande wake na hawezi kumwangusha. Mara moja tu Charif alifanikiwa. Alisimama nje ya kibanda cha Saïndou akapiga kelele, "Saïndou, nyaya zinaungua!" Saïndou aliruka akauliza, "Wapi?" Hakukuwa na moto. Charif aliondoka amefurahi, kwa kuwa alikuwa amejibiwa. Jambo hilo niliwasimulia wenzangu kama ushahidi kwamba neno lake halina uzito. Mimi ni mtu wa kutaka ushahidi.

Aprili ilipofika, mkutano wa Antananarivo wa kuvipatanisha visiwa ukamalizika na wajumbe wa Nzwani wakarudi kwao bila kutia saini. Moroni ikaamua kwamba wa kulipia ni Wanzwani waliokuwa karibu. Vijana waliweka matairi na magogo barabarani, wakasimamisha teksi na kudai vitambulisho. Aliyezaliwa Nzwani aliteremshwa. Maduka yalivunjwa. Mounir aliacha kwenda shuleni. Nilimpelekea mkate, naye akasema haya yatapita, kwa kuwa hayana mantiki. Ni kosa la kawaida la watu wa hisabati.

Siku ya pili ya vurugu, saa saba mchana, nilikuwa peke yangu sebuleni nikisahihisha insha. Mlango ulikuwa wazi nusu kwa sababu ya joto.

"Hodi," ikasema sauti ya Charif.

Sikujibu.

"Hodi, Fundi."

Niliiona kandambili moja na upande wa bega. Hakusogea.

"Hodi."

Hodi ni tatu, asiyeitikiwa huondoka. Alingoja kidogo, kisha akasema bila kuingia, haraka na kwa sauti ya chini. "Sikwambii unijibu. Mwambie Mounir asikae chumbani leo. Baada ya alasiri watapita nyuma ya msikiti. Nimewasikia mwenyewe, wengine nimekua nao. Kuna boti ya Mutsamudu saa kumi na moja, jina lake nimelitia kwenye orodha. Apite pwani, asipite sokoni. Mimi hanifungulii, Fundi. Mwambie wewe."

Nilisikia kila neno. Nasisitiza jambo hilo, kwa sababu kwa miaka miwili nilijaribu kukumbuka kwamba sikusikia vizuri.

Niliyapima. Huyu ni mtu aliyetangaza moto ambao haukuwapo. Ni mtu aliyefiwa na ndugu Nzwani, na aliyemfungia Mounir lango katika mchezo bila kupepesa jicho. Njia ya pwani haina nyumba. Mtu akivamiwa huko hana wa kumwona. Na kama maneno yake ni kweli, kwa nini hakuja na sinia? Hata hilo la mwisho nililipima, ninaona haya kuliandika. Zaidi ya yote, ujumbe wa aliyetengwa haubebwi, na sheria hiyo niliiandika mimi.

Niliinuka nikafunga mlango. Sikuubamiza. Nikarudi nikasahihisha insha nne, ambazo mada yake ilikuwa shaka kama mwanzo wa maarifa.

Yaliyofuata niliyajua kwa vipande. Kipande kikubwa nilikipata kwa Faouzia, mjane aliyekaa ghorofani mkabala na chumba cha Mounir, aliyeyaona yote dirishani. Charif alitoka kwangu akaenda moja kwa moja kule. Aligonga, akasema, "Mounir, fungua, ni mimi." Zaidi ya hapo hakuthubutu kusema, uchochoro ulikuwa na masikio. Ndani redio ilikuwa juu. Mounir alichungulia, akaona ni nani, akarudi kitandani. Charif aligonga tena. Kisha akakaa juu ya kizingiti, mgongo ukiegemea mlango, kama mtu aliyeambiwa angoje.

Vijana walifika alasiri ilipokwisha. Walikuwa kama ishirini.

"Yupo?" waliuliza.

"Ameondoka asubuhi," alisema Charif.

"Basi pisha tuone."

"Nimewaambia ameondoka."

"Charif, pisha."

Hakupisha. Faouzia alisema kwamba hata hakunyanyua mikono. Alishika miimo ya mlango kwa pande zote mbili, kama mtu anayezuia mlango usimwangukie. Jiwe lilimpata nyuma ya sikio. Walipoingia chumbani, dirisha la nyuma lilikuwa wazi na redio ilikuwa bado inasema.

Alikaa hospitali siku mbili, katika wodi ya Chamsia. Chamsia alimsafisha, akambadilisha bandeji, akamgeuza kila baada ya saa mbili. Hakuzungumza naye. Si kwa sababu ya marufuku. Charif hakuwa na fahamu. Alizikwa Vouvouni na waliohudhuria walikuwa wachache, kwa kuwa vijana walikuwa wameshaeneza kwamba alikuwa akificha Mnzwani. Mimi sikwenda. Nilisema kwamba barabara si salama, na barabara haikuwa salama.

Meza yetu haikukaa tena. Mwezi wa sita barua ya Mounir ilinifikia kutoka Patsy, kijiji kilicho juu ya Mutsamudu, kwa mkono wa msafiri. Aliandika kwamba alikimbia kwa nyuma ya nyumba hadi bandarini, akakuta jina lake kwenye orodha ya abiria, kwa rehema ya Mungu au ya mtu. Kisha hivi: "Charif ndiye aliyewaleta mlangoni kwangu. Niliisikia sauti yake kati ya sauti zao. Ulimjua mapema kuliko sisi, Fundi."

Kwa hiyo huku Ngazidja Charif alikuwa msaliti kwa kumlinda Mnzwani, na kule Nzwani alikuwa msaliti kwa kumuuza. Mtu mmoja tu alijua kwamba hukumu zote mbili si sahihi, na mtu huyo hakujibu barua.

Mwaka ule, katika mazungumzo yasiyo na kichwa, nilimsimulia mjomba wangu Mzé habari ya marufuku yetu. Marufuku tu, si zaidi. Alikuwa akikata kucha za miguu, na hakuinua macho.

"Mjumbe wake alikuwa nani?" aliuliza.

"Mjumbe gani, mjomba?"

"Aliyetengwa mji wetu humwachia mtu mmoja wa kumsikiliza. Nyumba yake ikiungua atamwambia nani? Akitaka kulipa atamwambia nani?" Alihamia mguu wa pili. "Nani aliwafundisha nyinyi kutenga?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Makubaliano ya kuviunganisha visiwa yalitiwa saini Fomboni, Februari 2001. Mwezi wa nane nilipanda boti kwenda Mutsamudu. Nilijiambia kwamba nataka kuiona ngome. Niliiona, iko pale. Kisha nikapanda teksi hadi Patsy, njia yote ya kupanda, harufu ya maua ya mlangilangi yanayochemshwa kwa ajili ya manukato ikiingia dirishani mpaka kichwa kikauma.

Mounir alikuwa uani na dada yake Anziza, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa akichambua karafuu juu ya jamvi. Alinyanyuka kabla sijamaliza hodi ya kwanza.

"Fundi! Anziza, huyu ndiye Fundi niliyekuwa nakusimulia!"

Alikuwa amekonda na ndevu zilikuwa zimeanza mvi. Alinikalisha, akamwambia dada yake alete chai, akaingia ndani akatoka na karatasi. Ilikuwa ile. Vipande vinne vilikuwa vimeunganishwa kwa gundi ya karatasi.

"Nimemfufua tabibu," alisema. "Nacheza na wanafunzi wangu, kila Alhamisi. Dadu nimechonga za mbao. Za nyuso ishirini zimenishinda, hesabu ninayo lakini kisu hakiniheshimu." Akacheka. "Na mchezaji akisumbua tunamtenga. Hasemeshwi mpaka alete embe. Ulivyotufundisha."

Nilikuwa nimejiandalia utangulizi. Niliuacha.

"Charif hakuwaleta," nikasema. "Alikuja kukuonya. Alikuja kwangu kwanza, saa saba mchana, kwa kuwa wewe humfungulii. Aliniambia muda, akaniambia njia, akaniambia kuhusu boti. Nilisikia yote. Nilifunga mlango. Baadaye alikaa kwenye kizingiti chako, na walipokuja hakuwapisha. Faouzia aliona. Alikufa siku ya pili."

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Mounir.

"Jina langu kwenye orodha," alisema hatimaye.

"Yeye."

"Nilidhani ni wewe." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Miaka miwili nakuombea dua kwa ajili ya jina lile."

Nilitazama gundi kwenye karatasi ile.

"Kwa nini hukuja?" aliuliza. "Hatua mia mbili, Fundi."

"Sikumwamini. Na alikuwa ametengwa."

Anziza alirudi na chai katika sinia dogo, bilauri tatu. Mounir aliichukua bilauri yangu kabla haijanifikia, akaimwaga pole pole kwenye shina la mgomba, akairudisha kwenye sinia ikiwa imepinduliwa. Kisha akakaa ubavu, uso akiuelekeza ukutani.

"Mounir," nikasema.

Kimya.

"Mounir, nisikilize."

Niliufahamu ukimya ule. Ulikuwa kazi ya mikono yangu, ila sikuwahi kuusikia nikiwa upande huu. Anziza alimtazama kaka yake, akanitazama mimi. Mounir akasema, bila kugeuka, "Anziza, wewe ndiye utakayemsikiliza. Likimpata jambo, akuambie wewe. Mwambie na faini yake." Akasema naye kwa sauti ya chini, kwa Kinzwani cha haraka ambacho sikukishika chote. Nikagundua kwamba alijua. Kule mjini kwao, au kwa akili yake mwenyewe, alijua kwamba aliyetengwa huachiwa mlango mmoja.

"Kaka yangu anasema," Anziza alianza, kwa adabu, kama anayetafsiri kwa mgeni, "faini si wali. Nenda Vouvouni kwa mama wa marehemu. Uliyoyasema hapa ukayaseme pale, mchana, watu wakiwepo. Usipunguze la mlango. Ukishasema, niandikie mimi. Nitamwambia."

"Na asiponisamehe mama huyo?"

Anziza hakumuuliza kaka yake. "Hilo halimo kwenye faini," alisema.

Vouvouni nilikwenda Jumapili mbili baadaye. Sikutafuta sababu ya kuchelewa zaidi, ingawa zilikuwapo. Mama yake Charif, Zoubeida, mwanamke mfupi mwenye buibui lililopauka, alikuwa amekaa barazani na dada zake wawili na jirani mmoja. Wanawe walikuwa wawili tu. Nilibisha, nikakaribishwa, nikapewa mkeka. Nilisema jina langu. Nikasema yote kwa mfuatano, kama nilivyoyaandika hapa: karatasi iliyochanwa, kura, tamko la Kifaransa kizuri, saa saba, boti, njia ya pwani, mlango. Mmoja wa dada zake alianza kulia kabla sijafika kwenye kizingiti cha Mounir. Jirani alisimama akaondoka bila kuniaga, na nikasikia sauti yake uchochoroni akianza kusimulia. Hivyo ndivyo faini ilivyotaka.

Zoubeida hakulia. Alikaa akiupapasa ukingo wa mkeka kwa kidole gumba.

"Wiki ile aliniambia nigandishe maziwa," alisema. "Nikamuuliza ya nini. Akasema kuna deni la upuuzi anataka kulimaliza Ijumaa. Niliyamwaga siku ya hitima."

Nilitaka kusema neno. Alinizuia kwa kiganja.

"Alipokuja kwako. Alipiga hodi?"

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Hakuingia?"

"Hakuingia."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesikia jibu lililo sahihi. "Ndivyo nilivyowafundisha," alisema. "Wote wawili."